Soma Kwanza, Ndipo Ukate

Karatasi za zamani kabisa zilizotengenezwa Japani na kudumu hadi leo si za mashairi wala za sala. Ni orodha za kaya. Ziliandikwa mwaka 702 katika mikoa ya Mino, Chikuzen na Buzen, na ndani yake mna jina la mwenye nyumba, wake, watoto, watumwa na umri wa kila mmoja, kwa sababu serikali ilitaka kugawa mashamba na kudai kodi. Muda wake ulipopita, orodha hizo ziligeuka takataka za ofisi. Lakini karatasi ilikuwa ghali, na upande wa nyuma ulikuwa bado mweupe. Zikapelekwa Nara, kwenye ofisi iliyokuwa ikinakili vitabu vya Kibudha kwa ajili ya hekalu la Todaiji, na makarani wa pale wakaandika hesabu zao za kila siku nyuma ya majina ya wale wanakijiji. Hesabu hizo ndizo zilizotunzwa katika hazina ya Shosoin. Wanakijiji wa mwaka 702 wametufikia kwa kudandia mgongo wa hesabu za watu wengine.

Naanza na habari hii kwa sababu ya swali ninaloulizwa kila ninapotundika kazi zangu ukutani: huoni uchungu kupitisha mkasi kwenye karatasi ya miaka mia mbili? Nauona. Na swali lenyewe nalipenda, maana anayeliuliza ameiheshimu karatasi. Ila ndani yake mna dhana kwamba kuhifadhi ni kutogusa, na historia ya karatasi ya Japani haikubaliani na dhana hiyo.

Kazi yangu ni fotomontaji. Nachukua picha, nyingi nilizopiga mwenyewe hapa Kyoto ninakoishi, nazichapa kwenye karatasi nyembamba sana, kisha nazikata, nazichana na kuzibandika juu ya karatasi za kale: kurasa za daftari za maduka za zama za Edo (1603–1868) na Meiji (1868–1912), barua, stakabadhi, vitabu vilivyotobolewa na wadudu hata havifunguki tena. Karatasi hizo si adimu. Tarehe 21 ya kila mwezi kuna gulio kwenye hekalu la Toji, na tarehe 25 kuna jingine kwenye hekalu la Kishinto la Kitano Tenmangu. Katika yote mawili utakuta wauzaji wa vitu vya kale wameweka marobota ya daftari chini kabisa, yamefungwa kwa kamba, kando ya vyombo vya kauri na kimono za mitumba. Yanauzwa kama karatasi tu. Mara nyingi muuzaji hajui ndani yameandikwa nini, na sababu yake nitaieleza.

Kwanza karatasi yenyewe. Haitokani na gogo lililosagwa. Inatokana na gome la ndani la vichaka vitatu: kozo, ambao ni jamaa ya mforosadi; mitsumata; na gampi, ambao ni mgumu kulimwa na kwa kawaida hukatwa porini. Matawi ya kozo hukatwa majira ya baridi, hupikwa kwa mvuke, gome likabanduliwa, likachemshwa katika maji ya majivu au magadi, likaoshwa, likachambuliwa takataka kwa vidole, kisha likapondwa mpaka nyuzi zikaachana. Nyuzi hizo ndefu huelea katika pipa la maji yaliyotiwa utelezi wa mzizi wa tororo-aoi. Mmea huo ni ndugu wa bamia, na yeyote aliyewahi kupika bamia anaujua utelezi ninaousema. Kazi yake si kugandisha. Huyafanya maji yawe mazito ili nyuzi zisizame upesi wala zisishikane mafundo, na fundi apate muda wa kutikisa chekeche lake huku na huku mpaka nyuzi zilale zimepishana. Karatasi mbichi hulundikwa moja juu ya nyingine bila kutenganishwa na kitu chochote, hukamuliwa, na baadaye zinabanduka moja moja bila kuchanika. Mwaka 2014 UNESCO iliuingiza ufundi huu katika orodha ya urithi wa binadamu, kwa kutaja karatasi za sehemu tatu: Sekishu-banshi ya Shimane, Hon-minoshi ya Gifu na Hosokawa-shi ya Saitama.

Kwa fundi wa kubandika, jambo kubwa ni yale majivu na magadi. Yanaiacha karatasi bila asidi. Mwaka 1873 mfanyabiashara Shibusawa Eiichi alianzisha kampuni ya karatasi za mashine, na kiwanda chake cha Oji, Tokyo, kikaanza kazi mwaka 1875. (Ndiye mzee anayetazama kutoka kwenye noti ya yeni 10,000 tangu Julai 2024, na noti hiyo yenyewe ina nyuzi za mitsumata ndani.) Baadaye viwanda vya namna hiyo vikahamia kwenye rojo la mbao, lenye asidi, na hapo ndipo karatasi ya Japani ikaanza kuugua. Gazeti la mwaka 1905 naligusa kwa hofu: limekuwa kahawia, pembe zinamong'onyoka mkononi. Ukurasa wa daftari wa mwaka 1805 naulowesha, nauvuta, naukunja, nauanika, nao unatulia mweupe kama mchele. Mkubwa kwa miaka mia ndiye mwenye nguvu. Mara ya kwanza nilipoviweka viwili hivyo mezani pamoja nilikaa muda mrefu bila kukata chochote.

Sasa, kwa nini muuzaji hajui kilichoandikwa? Mwandiko wa zamani wa Japani ni wa brashi, herufi zimeungana na kukimbia, na sauti moja inaweza kuandikwa kwa maumbo kadhaa tofauti. Mwaka 1900 serikali ilirekebisha masomo ya shule za msingi na kubakiza umbo moja kwa kila sauti. Vizazi vilivyofuata vilisoma umbo hilo moja, na maandishi ya babu zao yakawafunga mlango. Leo Mjapani aliyesoma hadi chuo kikuu anaweza kuushika ukurasa wa baba wa babu yake asisome hata mstari. Wanaoweza ni wataalamu na watu wachache waliojifunza kwa mapenzi.

Mimi nilijifunza kwa mwalimu mstaafu wa mtaani kwetu, bibi mmoja mvumilivu kupita kiasi, na ninaendelea kujifunza. Tangu mwaka 2021 kuna pia programu ya simu iitwayo miwo, iliyotengenezwa na kituo cha utafiti cha Japani kinachoshughulikia data za maandishi ya kale: unapiga picha ya ukurasa, nayo inaweka herufi za kisasa juu ya zile za kale. Inakosea, hasa kwenye majina ya watu na alama za vipimo, lakini inakupa pa kuanzia. Simkubalii tena mtu anayesema kwamba anatumia karatasi hizi kwa uzuri wake tu kwa kuwa hazisomeki. Zinasomeka. Nimeona kazi nyingi, Ulaya, Marekani na humu humu Japani, ambamo ukurasa wa daftari umewekwa chini juu, jina la mtu limekatwa katikati, na juu yake imebandikwa picha ya ndege korongo au maua ya cheri. Inaniuma. Yale ni maneno ya mtu aliyekaa usiku na taa ya mafuta akaandika nani anamdai nini.

Chukua daftari ninalolitumia zaidi. Lilikuwa la muuzaji wa vitambaa. Kila mstari una tarehe, jina la kijiji, jina la mnunuzi, aina ya kitambaa, na bei kwa monme, yaani uzito wa fedha, kwa sababu upande huu wa magharibi wa Japani biashara ilihesabiwa kwa fedha wakati mji wa Edo, ambao leo ni Tokyo, ulihesabu kwa dhahabu. Wateja hawakulipa papo hapo. Desturi ilikuwa kukopa na kulipa mara mbili kwa mwaka, kabla ya Bon, sikukuu ya kuwakumbuka mababu, majira ya joto na kabla ya mwaka kwisha. Kwa hiyo daftari lilikuwa ndilo duka lenyewe. Bidhaa ikiungua hununuliwa nyingine, lakini daftari likiungua hakuna anayedaiwa. Inasimuliwa kwamba moto ulipozuka mjini Edo, wenye maduka walilitupa daftari kisimani kabla ya kukimbia, wakarudi kuliopoa moto ulipozimika. Mimi nasadiki, kwa sababu kila wiki nafanya jambo hilo hilo kwa udogo wake: wino wa masizi na gundi ya ngozi ukishakauka kwenye karatasi ya kozo, maji hayauondoi.

Kwenye kurasa kadhaa kuna mteja mmoja anayerudi kila msimu, mwanamke, ambaye deni lake halikulipwa lote kwa mara moja. Muuzaji anaandika salio, analihamisha ukurasa unaofuata, analihamisha tena. Ukurasa wa mwisho wenye jina lake una muhuri wa kufuta deni. Kurasa hizo sijazikata na sitazikata. Nimezipiga picha, nimeziandika upya kwa herufi za kisasa, na nakala nimempa yule mwalimu wangu, ambaye amezipeleka kwenye kikundi chao cha wasomaji. Ninazokata ni kurasa zilizochanika kabla sijazipata, kurasa zilizojaa alama za kujumlisha tu, na zile ambazo wadudu wamezipitia mpaka zimekuwa vichochoro. Kitabu kizima, kilichoshonwa na chenye jalada, sikikati hata kiwe cha kawaida namna gani. Nikikuta robota lenye barua za nyumba moja, naliacha lilivyo au nalipeleka kwa watu wa nyaraka.

Huenda ukaona ninajiwekea sheria nyingi kwa karatasi zilizouzwa kama taka. Basi sikiliza habari ya nyumba ya Tokikuni.

Milango ya kusukuma na viwambo vya nyumba za Kijapani hujengwa kwa fremu ya mbao inayofunikwa karatasi tabaka kwa tabaka. Tabaka la juu huwa jipya na zuri. Tabaka za chini, zisizoonekana na mtu, zilitengenezwa kwa karatasi zilizotumika: barua, stakabadhi, kurasa za daftari. Fundi alizipaka gundi ya wanga na kuzibandika moja juu ya nyingine, na humo zikakaa gizani bila jua wala mikono. Kwenye rasi ya Noto, Wajima, kulikuwa na ukoo wa Tokikuni, uliojulikana kwa karne nyingi kama wakulima wakubwa wenye nyumba kubwa. Katika miaka ya 1980 mwanahistoria Amino Yoshihiko na wenzake wa Chuo Kikuu cha Kanagawa walianza kuzisoma upya nyaraka za nyumba hiyo, zile zilizotunzwa ghalani pamoja na zile zilizobanduliwa kutoka kwenye tabaka za chini za milango. Picha iliyotoka ilikuwa nyingine kabisa. Tokikuni walikuwa na meli, walifanya biashara ya mbali, walikopesha na kukopa. Mtu aliyeandikwa rasmi kuwa hohehahe asiye na shamba alikuwa tajiri wa meli, aliyewakopesha Tokikuni wenyewe sarafu za dhahabu mia moja. Hakuwa na shamba kwa sababu hakulihitaji. Amino aliyatumia matokeo hayo kupinga wazo la kwamba Japani ya zamani ilikuwa nchi ya wapanda mpunga tu. Nyaraka rasmi zilizotunzwa kwa heshima zilimwonyesha mtawala alichotaka kuona, ilhali vipande alivyobandika fundi wa milango, bila hata kuvisoma, vilibeba shughuli za kweli za watu.

Tarehe 1 Januari 2024 tetemeko kubwa liliipiga Noto, na nyumba kuu ya tawi moja la ukoo huo, liitwalo Tokikuni wa juu, ikaanguka. Nilipoziona picha za paa lile kubwa likiwa limelala chini, nilifikiria milango.

Kwa hiyo ninaposema kwamba kukata na kubandika kunaweza kuwa njia ya kutunza, sijitungii udhuru. Katika karne ya 9, Mfalme Seiwa alipofariki, mkewe mmoja, Fujiwara no Tamiko, alikusanya barua alizowahi kuandikiwa naye, akaamuru zipondwe na kutengenezwa karatasi mpya, na juu yake ikanakiliwa Sutra ya Lotasi, kitabu kitakatifu cha Kibudha. Wino haukutoka wote, kwa hiyo karatasi za namna hiyo huwa na rangi ya kijivu. Maneno ya marehemu yalibaki ndani kama kivuli, na sala ikaandikwa juu yake. Sijui fotomontaji yoyote inayonigusa kuliko karatasi hiyo isiyo na picha.

Zaidi ya miaka mia mbili baadaye, takriban mwaka 1112, mafundi wa kasri la Kyoto walitengeneza mkusanyo wa mashairi ya washairi thelathini na sita ambao sasa ni hazina ya hekalu la Nishi Hongan-ji. Kurasa zake kadhaa zimeunganishwa kwa vipande vya karatasi za rangi: vingine vimekatwa kwa wembe mstari ulionyooka, vingine vimechanwa ili ukingo uwe kama mlima au ufuko, vingine vimepangwa tabaka tano nyembamba zinazofifia kutoka rangi nzito hadi hafifu. Juu yake zimemwagwa chembe za fedha na dhahabu, kisha shairi. Siyo fotomontaji, bila shaka, na sipendi mtu anaponiambia kwamba Japani "ilitangulia" Ulaya. Wale wa 1112 hawakugombana na kitu chochote. Walitaka shairi lipate mahali pazuri pa kukaa. Mwaka 1929 vitabu viwili vya mkusanyo huo viligawanywa na kuuzwa ukurasa kwa ukurasa, na leo kurasa hizo zimetawanyika kwenye makumbusho na mikononi mwa matajiri wa nchi mbalimbali. Huo nao ni ukataji, na kila niufikiriapo nauona ni hasara.

Fotomontaji yenyewe ilizaliwa Berlin mwishoni mwa Vita vya Kwanza vya Dunia, mikononi mwa wasanii waasi waliojiita Dada (jina tu, si dada wa Kiswahili): Hannah Höch, Raoul Hausmann, John Heartfield, George Grosz. Höch ndiye ninayemrudia. Kuanzia 1916 hadi 1926 aliajiriwa na wachapishaji wa Ullstein, akichora mitindo ya tarizi na lesi kwa magazeti ya wanawake, na magazeti ya kampuni hiyo hiyo ndiyo aliyoyakata. Kazi yake kubwa ya 1919–1920, iliyoonyeshwa kwenye maonyesho ya Dada ya Berlin mwaka 1920, imejaa vichwa vya wanasiasa, magurudumu na wacheza dansi, na inataja kisu cha jikoni katika jina lake. Alijua alichokuwa anakata. Alikisoma kwanza, kwa sababu ndicho kilichomlipa mshahara.

Huku Japani yuko mwingine, na laiti wasomaji wa Kiswahili wangemjua zaidi. Okanoue Toshiko alizaliwa Kochi mwaka 1928 na kukulia Tokyo. Mwaka 1950 alikuwa anasomea ubunifu wa mavazi katika shule ya Bunka Gakuin, ambako darasani walipewa zoezi la chigiri-e, picha ya karatasi zilizochanwa kwa mkono na kubandikwa, sanaa ya nyumbani ambayo Wajapani wengi wameifanya utotoni. Akaanza kuchana majarida ya Kimarekani, Life na Vogue, yaliyozagaa kwenye maduka ya vitabu vya mitumba baada ya kuja kwa majeshi ya Marekani yaliyoikalia Japani baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Mshairi na mhakiki Takiguchi Shuzo aliziona kazi zake, akamwonyesha za Max Ernst, msanii Mjerumani aliyekata na kubandika picha, akamsaidia kupata maonyesho katika ukumbi wa Takemiya mwaka 1953. Kwa muda wa miaka saba hivi alitengeneza zaidi ya kazi mia: wanawake wenye vichwa vya feni, farasi ndani ya vyumba vya kulala, mikono mitupu inayoelea juu ya miji iliyoungua. Kisha akaolewa, akaacha. Dunia ya sanaa ilimsahau hadi miaka ya 1990, na mwaka 2019 makumbusho ya Teien ya Tokyo yakamfanyia maonyesho makubwa. Ukizitazama kingo zake utaona utulivu usio wa Berlin. Höch anagonganisha. Okanoue anashona, na mashono hayaonekani.

Kochi alikozaliwa ni nchi ya karatasi. Kule Hidaka hutengenezwa karatasi ya kozo yenye unene wa milimita 0.02 tu, ambayo mafundi wa makumbusho ya nchi nyingi huitumia kushikilia nyaraka na michoro inayochanika. Ukiiweka juu ya maandishi unasoma kana kwamba haipo.

Na kuna jambo ambalo kila mpenzi wa karatasi hii analazimika kulisema. Kati ya Novemba 1944 na Aprili 1945 jeshi la Japani lilirusha baluni zipatazo 9,300 kuvuka Bahari ya Pasifiki, zikiwa zimebeba mabomu. Baluni hizo, zenye kipenyo cha mita kumi hivi, zilikuwa za karatasi ya kozo, tabaka juu ya tabaka, zimebandikwa kwa gundi ya kiazi cha konnyaku. Wengi wa waliozibandika walikuwa wasichana wa shule. Tarehe 5 Mei 1945, msituni Oregon, moja iliua mwanamke mjamzito na watoto watano waliokwenda pikiniki. Sifa zote nilizozitaja, nyuzi ndefu, wepesi, uvumilivu wa maji, ndizo zilizoifanya ifae kwa kazi hiyo. Ninaposhika karatasi nene ya kozo ya miaka ile, nalikumbuka hilo, na sijawahi kuitumia kwa kazi ya furaha.

Turudi mezani. Picha naichapa kwenye gampi, kwa sababu gampi inang'aa kidogo na inapitisha mwanga. Nikiibandika juu ya ukurasa wa daftari, maandishi ya chini yanapanda juu kupitia picha: barabara ya leo inaonekana ikiwa na mistari ya madeni ya zamani ndani yake, na hakuna programu ya kompyuta iliyowahi kunipa kitu kama hicho. Gampi ni laini mno kupita kwenye printa peke yake, kwa hiyo naishikiza kwenye karatasi nene kwa ukanda mwembamba upande unaotangulia. Wino uwe wa chembe za rangi, siyo wa kuyeyuka, la sivyo gundi ikigusa kila kitu kinamwagika. Tahadhari hiyo hiyo iwe kwa michoro iliyochapwa enzi za Meiji: nyekundu na zambarau zake za kiwandani hutiririka kwa tone la maji. Kabla ya kulowesha chochote, weka tone dogo kwenye pembe, kisha gandamiza karatasi ya kufyonza.

Kukata natumia wembe pale tu ninapotaka ukingo useme wazi kwamba hapa kuna kisu. Kwingine nachana kwa maji. Unachora mstari kwa brashi iliyolowa, unangoja maji yazame, unavuta pande mbili taratibu. Nyuzi haziachani mara moja, zinatoka ndefu kama sharubu, na ukizibandika zinalala juu ya karatasi ya chini na kuyeyuka ndani yake bila ngazi. Ni kazi ya pumzi. Ukiwa na haraka karatasi inajua.

Gundi ni moja tu: wanga wa ngano uliotolewa ute wake, ukapikwa kwa maji huku ukikorogwa bila kupumzika mpaka uwe uji unaong'aa, ukapozwa na kuchujwa kwenye chujio la manyoya ya farasi. Watengenezaji wa picha za kutundika hapa Kyoto wana gundi waliyoiacha mtungini kwa miaka kumi hivi, dhaifu kwa makusudi, ili picha ikikunjwa isikakamae. Mimi yangu ni ya wiki. Ila siri ni ile ile, gundi iwe dhaifu kuliko karatasi. Gundi nyeupe ya dukani sitaki kuiona karibu na meza hii, maana ikikauka haifunguki tena, na karatasi ya miaka mia mbili imefungwa kifungo cha maisha na uamuzi wangu wa Jumanne moja.

Kuhusu nyuso. Kwenye magulio huuzwa pia picha za watu, albamu nzima, harusi, wanajeshi, watoto wa shule, na ni rahisi sana kumkata mtu asiyejulikana. Baada ya tsunami ya Machi 2011, katika mji mdogo wa Yamamoto, mkoani Miyagi, ziliokotwa picha takriban 750,000 kutoka kwenye matope, na watu wa kujitolea wakaziosha moja moja, wakazipiga picha na kuzipanga ili wenyewe wazitafute. Tangu niliposoma habari zao, picha halisi ya mtu sikati. Naipiga nakala, nakala ndiyo inayoingia kazini, na picha yenyewe narudisha kwenye albamu yake.

Kazi iliyoko mezani sasa inatokana na kanga. Japani ilichapa kanga nyingi zilizouzwa Afrika Mashariki, hasa miaka ya 1950 na 1960, na bibi mzaa mama aliniachia moja iliyoandikwa pindoni kwamba imetengenezwa huku. Jina lake ni "Mgeni njoo mwenyeji apone". Nimeipiga picha, nimeichapa vipande vipande kwenye gampi, na ninaipanga juu ya kurasa zilizochanika za yule muuzaji wa vitambaa. Ugumu uko kwenye mwelekeo. Daftari linasomwa kutoka juu kwenda chini, kuanzia kulia. Kanga inasomwa kushoto kwenda kulia. Kila nilipoliweka jina la kanga pazuri, lilikalia jina la mnunuzi. Mwishowe nimeuchana mstari wa jina kwa maji, neno moja moja, na kila neno limepewa nafasi kati ya safu mbili za daftari, mahali ambapo muuzaji mwenyewe aliacha pengo. "Mwenyeji" limekaa kando ya jina la kijiji. "Apone" bado linahangaika, maana pengo lililobaki ni jembamba na nisingependa kulipunguza herufi. Nikilipata mahali nitabandika kwa uji wa ngano peke yake, ili atakayetaka kuzisoma hesabu zilizo chini aweze kuubandua mkono wangu kwa maji.